Kilowati 400 Zinakwama Wapi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Miradi ya Kati ya Nishati Jadidifu

Safari hii maswali mengi yametoka kwa watu walio katikati: mradi wao si paneli moja juu ya paa la nyumba, wala si Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Tanzania inauita mradi mdogo wa umeme ule wa kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10. Hapo ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa sababu karatasi hazipungui pamoja na mtambo. Tathmini ya mazingira, mwanasheria, mkataba na mhandisi wa kukagua laini vinamgharimu mwenye kilowati 400 karibu sawa na mwenye megawati 10, ila mwenye kilowati 400 ana uniti chache za kulipia gharama hizo.

Tuanze na kibali kipi?

*Ndugu wahariri, kikundi chetu cha wakulima kina mto wenye maporomoko. Mtaalamu alikuja mwezi wa Aprili, akapima siku moja, akasema tutapata kilowati 400. Tumechanga shilingi milioni 60 na tunataka kuagiza turbini. Kibali cha kwanza ni kipi? (Msomaji, Ludewa)*

Ndugu msomaji, kabla ya kibali chochote, tunakusihi usiagize turbini. Huko kwenu mvua ni msimu mmoja, na Aprili mto unakuwa umeshiba. Maji yanayoamua biashara yako ni ya Oktoba na Novemba.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: mita za ujazo kwa sekunde, mara kimo cha maporomoko kwa mita, mara 8, unapata kilowati. Hiyo 8 ni ya mtambo mzuri, na tayari imekata hasara za bomba, turbini na jenereta. Kwa mtambo wa kawaida kawaida weka 7. Tuseme Aprili mlikuwa na lita 600 kwa sekunde na kimo cha mita 85. Hapo 0.6 × 85 × 8 ni kilowati 408, kwa hiyo mtaalamu wenu hakudanganya. Sasa tuseme Oktoba mto unashuka hadi lita 180, na lita 40 lazima zibaki mtoni kwa ajili ya samaki na watu wa chini. Zinabaki lita 140, yaani kilowati 95. Baya zaidi ni kwamba turbini ya aina ya Francis iliyotengenezwa kwa lita 600 haifanyi kazi ya maana kwa lita 140. Ikishuka chini ya asilimia 40 hivi ya maji yake, ufanisi unaporomoka na mashine inatetemeka. Turbini haifanani na pampu ya dukani. Hutengenezwa kwa kimo chako na maji yako, na ukikosea hairudishwi.

Kwa hiyo toeni sehemu ndogo ya hizo milioni 60 mfanye hivi. Chagueni mahali mto umenyooka, simikeni ubao wenye alama za sentimita, kisha kijana mmoja mwaminifu ausome asubuhi na jioni kila siku kwa mwaka mzima. Katika mwaka huo pimeni wingi wa maji walau mara kumi, mto ukiwa katika vina tofauti. Kuelea kwa chupa, yaani kupima muda chupa inaotumia kuelea umbali mnaoujua, kunatosha kwa kuanzia, ila kasi hiyo ya uso wa maji izidisheni kwa 0.85, na kama mto ni wa kina kifupi na mawe mengi, kwa 0.65. Kwenye mawe njia ya chumvi ni bora: kilo moja au mbili za chumvi iliyoyeyushwa ndoo moja inamwagwa juu, na chini kifaa cha kupima upitishaji wa umeme wa maji kinasoma wingu la chumvi likipita. Wakati huohuo ulizeni Bodi ya Maji ya Bonde kama ina kumbukumbu za miaka ya nyuma za mto wenu au wa jirani. Mito ya Ludewa humwaga Ziwa Nyasa, hivyo bodi yenu ni ya Bonde la Ziwa Nyasa; wenzenu wa mto Ruhudji, upande wa Njombe mjini, wako Bonde la Rufiji. Tumeona barua zikipoteza miezi kwa kupelekwa bonde lisilo lake.

Baada ya hapo ndipo karatasi, na mpangilio wake una maana. Sajilini kampuni au ushirika kwanza, kisha jina hilohilo, herufi kwa herufi, litumike kila mahali. Kibali cha maji kikiwa na jina la kikundi na ardhi ikiwa na jina la mwenyekiti, benki haitasoma ukurasa wa pili. Kisha ombeni kibali cha kutumia maji. Mkutano mkuu wa kijiji upitishe ardhi, muhtasari wake uwe na sahihi, na utaje pia ukanda wa mfereji, bomba, barabara na nguzo, si kiwanja cha mtambo peke yake. Kama bomba linapita mashamba ya watu tisa, mnahitaji makubaliano tisa. Andikieni TANESCO mapema kuuliza laini iliyo karibu ni ya msongo gani na kama wako tayari kununua. Tathmini ya mazingira ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, ifuate njia ya bomba ikishaamuliwa kabisa. Ukihamisha banio, yaani pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, mita 300 baada ya cheti, unarudi nyuma. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haidai leseni ya kuzalisha kwa mtambo usiofika megawati 1, lakini usajili ni lazima, na hapa wengi husikia "hakuna leseni" wakadhani hakuna lolote.

Neno moja kuhusu mchanga, kwa kuwa ndio unaoua mitambo ya milimani kimyakimya. Jengeni birika la kutuliza maji kabla ya bomba, pana kiasi kwamba maji yanapita kwa kasi ya sentimita 20 hadi 30 kwa sekunde, lenye mlango wa chini wa kusafishia. Watu hulipunguza ili kuokoa saruji, halafu vikombe vya turbini vinaliwa ndani ya misimu michache.

Benki inasema mradi haulipi

*Shikamooni. Tuna kibali cha maji, tuna mkataba wa kuuza umeme, tumepima mto miaka miwili. Benki imekubali riba lakini inasema mradi hauwezi kubeba mkopo. Mshauri wetu anasema unaweza. Nani mkweli? (Msomaji, Iringa)*

Marahaba, dada. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kwa sababu pengine hawahesabu miaka ileile. Tufanye mkopo ni shilingi bilioni 1, riba asilimia 16, malipo sawa kila mwaka. Ukilipa kwa miaka 5, kila mwaka ni milioni 305. Ukilipa kwa miaka 12, ni milioni 192. Mradi ukibakiza milioni 250 kwa mwaka baada ya mishahara na matengenezo, kwa miaka 12 unakuwa na shilingi 1.30 kwa kila shilingi 1 ya deni, na hicho ni kiwango ambacho mabenki mengi huridhika nacho. Kwa miaka 5 una senti 82 tu. Mto ni uleule, mtambo ni uleule.

Kinachokwamisha basi ni muda wa mkopo kuliko riba. Benki ya biashara inakusanya amana za watu wanaoweza kuzitoa kesho, hivyo inaogopa kukopesha miaka 12. Mradi wa TEDAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulijibu tatizo hilohilo: mabenki ya ndani yalipewa njia ya kupata fedha za muda mrefu ili yaweze kukopesha miradi midogo ya umeme hadi miaka 15. Ulizeni benki yenu swali hilo moja kwa moja: mna dirisha gani la fedha za muda mrefu, linatoka wapi, na linafungwa lini? Ulizeni pia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, kuhusu ruzuku ya kuunganisha wateja kama mradi wenu utagawa umeme vijijini.

Halafu ombeni mwaka mmoja na nusu au miwili ya kulipa riba tu, kwa sababu ujenzi hauuzi umeme. Na kama mauzo yenu ni ya shilingi, msikope dola hata riba ikiwa nusu. Shilingi ikishuka, deni linapanda na bei ya uniti iko palepale.

Mtambo unazima usiku wa manane

*Hamjambo. Mtambo wetu wa maji wa kilowati 700 umeunganishwa kwenye laini ya kilovolti 11, kilomita 20 kutoka kituo kidogo cha stima. Mchana unafanya vizuri. Karibu kila usiku kuanzia saa sita hadi saa kumi unajizima. Fundi anataka kulegeza rilei. Mnashauri nini? (Msomaji, Bungoma)*

Msilegeze rilei, kile kifaa kinachouzima mtambo umeme ukivuka mipaka, kabla ya kujua inalia kwa nini. Tunachoshuku ni volti kupanda. Usiku wateja wamelala, laini haina mzigo, na umeme wenu unalazimika kusafiri kilomita zote 20 kurudi kituoni. Waya wa kawaida wa vijijini una ukinzani wa karibu omu 0.5 kwa kilomita, jumla omu 10. Kusukuma kilowati 700 kwenye omu 10 kwa volti 11,000 kunapandisha volti upande wenu kwa takribani 630, karibu asilimia 6. Kama kituo nacho kinashikilia kilovolti 11.5 ili wateja wa mbali wasipate umeme hafifu jioni, ninyi mnafika kilovolti 12.1. Hiyo ni asilimia 110 kamili, na rilei nyingi huwekwa hapohapo.

Wekeni kifaa cha kurekodi volti kila dakika kwa wiki mbili. Kama volti inapanda polepole kisha mtambo unazima, shaka yetu ni sahihi. Kama inakatika ghafla, tafuteni kasoro kwenye laini, kama vile matawi ya miti au vikombe vya kuhami waya vilivyopasuka. Ikiwa ni volti, kidhibiti cha jenereta kiwekwe katika hali ya kufuata kipengele cha nguvu (sehemu ya umeme inayofanya kazi halisi), kivute nguvu tendanyuma badala ya kuitoa. Nguvu tendanyuma ni ile inayojenga sumaku ndani ya mota na jenereta bila kufanya kazi yenyewe, na hupimwa kwa kilovari. Kuvuta kilovari 230 kunashusha volti 140 hadi 150 kwenye laini kama hiyo. Hiyo pekee inawaacha pembeni kabisa mwa mpaka, kwa hiyo nendeni na grafu yenu mkaombe kituo kishushe volti saa za usiku. Mhandisi wa upande wa pili hubishana na malalamiko, lakini grafu ya wiki mbili huisoma. Mipaka ya rilei ibadilishwe kwa maandishi ya pande zote mbili tu. Ipo hapo kulinda friji za watu na uhai wa fundi aliye juu ya nguzo.

Kilowati 700 kwa saa nne kila usiku ni uniti 84,000 kwa mwezi zinazopita na maji. Wanaopanga sasa wajue kwamba laini ya kilovolti 33 yenye urefu na waya huohuo ingepandisha volti 212 tu, chini ya asilimia 1. Na mkataba useme nani anabeba hasara pale mnunuzi anaposhindwa kupokea umeme ulio tayari. Uganda suala hilo liliuma miradi iliyokamilika kabla ya laini zake kufika, na kilichowakinga wengine ni kifungu hicho kimoja.

Pumba za mpunga ni za bure?

*Kahama mashine za kukoboa zinatupa pumba. Nataka gesifaya ya kilowati 150. Kuna kikwazo? (Msomaji, Kahama)*

Kipo kwa gesifaya, mtambo unaogeuza pumba kuwa gesi ya kuendesha injini, na ni bei. Pumba ni kama asilimia 20 ya uzito wa mpunga, na mtambo mdogo hula kilo 1.5 hadi 2 kwa uniti. Kilowati 150 kwa saa 10 ni tani 2.3 hadi 3 kila siku. Pumba ni za bure hadi siku mwenye mashine anapoona lori lako. Wafyatua matofali nao wanazitaka. Saini mikataba ya miaka mitatu na wenye mashine kabla ya kununua chochote, jenga ghala kavu la kuhifadhi angalau za miezi miwili, na usinunue mtambo ambao muuzaji hawezi kukuonyesha lami, ule utomvu mzito wa moshi, inatolewaje kwenye gesi na maji machafu yanakwenda wapi. Lami ikifika kwenye injini, valvu hukwama.

Sola ya kiwanda na bili isiyoshuka

*Kiwanda chetu Mombasa kina mota nyingi, mzigo wa mchana ni kilowati 400 hivi. Tuliweka sola bila betri. Uniti zimepungua sana lakini bili imeleta adhabu ambayo hatukuwa nayo. Tena tunataka kuongeza paneli. (Msomaji, Changamwe)*

Adhabu hiyo karibu hakika ni ya kipengele cha nguvu, na wauzaji wengi wa sola hawaitaji kabisa. Mota zenu zinahitaji nguvu halisi na nguvu tendanyuma. Kabla ya sola mlichukua kilowati 400 kwa kipengele cha 0.9, pamoja na kilovari 194. Sola ikitoa kilowati 280, gridi inabaki na kilowati 120, lakini kilovari 194 ni zilezile. Mita sasa inaona 0.53. Mitambo yenu haijaharibika. Ni hesabu tu, na chini ya 0.9 Kenya Power inatoza. Tiba ya kwanza haina gharama kubwa: inveta (vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika kiwandani) nyingi za viwandani zinaweza kutoa nguvu tendanyuma zikipangwa hivyo, mradi ziwe na uwezo wa ziada juu ya ule unaotumiwa na paneli. Isipotosha, ongezeni benki ya kapasita, yaani kabati la vifaa vinavyotoa nguvu tendanyuma, inayojiwasha kwa hatua. Ile ya zamani isiyobadilika iangalieni upya, maana Jumapili, mota zikiwa zimezimwa, inaweza kutoa nguvu tendanyuma kupita kiasi.

Kuhusu kuongeza paneli, tazameni kwanza grafu ya mzigo ya wikendi. Kiwanda kinachofunga Jumapili hutupa moja ya saba ya mavuno yake kama hakuna pa kuupeleka umeme. Kanuni za Kenya za mwaka 2024 zinaruhusu mteja wa hadi megawati 1 kurudisha ziada kwenye gridi na kupewa nusu yake kama mkopo wa uniti. Nusu ni afadhali kuliko kutupa, lakini haitoshi kuwa sababu ya kujenga mtambo mkubwa kuliko mzigo. Kuzalisha kwa matumizi yenu wenyewe hadi megawati 1 hakuhitaji leseni chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Kampuni inayofunga, hata hivyo, lazima iwe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, inayofaa kazi hiyo.

Je, mna jenereta ya dizeli inayoshika stima inapopotea? Sola isipodhibitiwa itashusha mzigo wa jenereta chini ya asilimia 30, mafuta yasiungue vizuri, masizi yajae kwenye injini. Ikizidi, umeme unasukumwa kinyume na jenereta inajizima. Dai kidhibiti kinachopunguza inveta, kisha kijaribiwe mbele yenu mchana wa jua kali, sio jioni. Na kwa kuwa mko pwani, boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja 316. Chumvi ya Changamwe hula zile za kawaida.

TANESCO ikifika kijijini

*Tunagawa umeme wa maji kwa kaya 600. Nguzo za gridi ziko kilomita nne. Wateja wanauliza kwa nini watulipe sisi zaidi. Tutafute mnunuzi wa mtambo? (Msomaji, Ruvuma)*

Mkoa wenu una mfano mzuri. Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga Tulila, megawati 5 kwenye mto Ruvuma, wakati Songea ikitegemea dizeli. Laini kubwa ya Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018, umeme wa maji ya mto haukukosa kazi. Mwenga, kule Mufindi, megawati 4 tangu 2012, inauzia TANESCO na papo hapo inagawa vijijini.

Kanuni za Tanzania zinampa mwenye gridi ndogo zaidi ya mlango mmoja gridi kuu inapofika: kuuza umeme wa mtambo kwa TANESCO, kubaki mgawaji anayenunua kwa jumla na kuuza kwa rejareja, kufanya yote mawili, au kulipwa fidia ya laini za usambazaji. Kwenu tungependelea yote mawili, kwa sababu mtambo wa maji unaweza kuendelea kuwasha kijiji gridi inapokatika, na hiyo ni huduma wateja wanaiona. Lakini mteja mdogo wa gridi amezoea shilingi 100 kwa uniti 75 za kwanza za mwezi kabla ya kodi, nanyi hamwezi kushindana na bei hiyo kwa kugawa peke yake. Mapato ya kuuza ziada ndiyo yatakayowawezesha kushusha.

Milango hiyo yote inadai laini iliyojengwa kwa viwango. Nguzo zisizowekewa dawa, waya mwembamba na mita zisizothibitishwa hazitanunuliwa wala kuunganishwa. Wiki hii tembeeni laini nzima na mhandisi, hesabuni nguzo moja moja, andikeni umri na hali ya kila moja, pigeni picha, kusanyeni risiti za transfoma na mita, choreni ramani ya laini kama ilivyo leo. Pelekeni nakala EWURA na ofisi ya TANESCO ya wilaya, mpate muhuri wa kupokelewa kabla nguzo za gridi hazijavuka daraja.